Miti ya Baba Mkwe

Mama Nyuki alikuwa na mizinga kumi na miwili. Ilisimama nyuma ya nyumba, chini ya mlima, miguu yake ndani ya makopo ya oili chafu ili siafu wasipande. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, alipita akitega sikio kwenye kila mzinga. Mzinga wenye afya huvuma.

Mwaka ule, mizinga mitano ilinyamaza. Alipoifungua alikuta masega makavu. Hakuna aliyewadhuru nyuki wale. Walikuwa wamehama kwa njaa.

Akainua macho kuutazama mlima. Ulikuwa wa kijani toka chini hadi juu, lakini kijani cha mti wa aina moja. Miaka ishirini nyuma, kimbunga kilipiga kisiwa chao kikang'oa msitu. Udongo ukaanza kuporomoka kuelekea nyumba za watu. Baba mkwe wake alipata mbegu za mti wa nchi ya mbali, mti unaokua upesi, akaupanda mlima mzima kwa mikono yake. Mlima ukatulia. Sasa mzee alikuwa marehemu, na miti yake ilikuwa imetapakaa kama upele. Ilichanua majuma mawili tu kwa mwaka. Baada ya hapo, nyuki hawakuwa na pa kwenda.

Alimwambia mumewe kwamba miti ile ikatwe yote. Mumewe, seremala, aliweka randa chini.

"Mama watoto, baba alipanda miti ile mgongo ukimuuma. Nitaikataje?"

"Marehemu namheshimu. Lakini nyuki hawali heshima."

Siku mbili hawakusemezana ila kupitia watoto. Mwambie baba yako chai tayari. Mwambie mama yako nimesikia.

Kisha Seremala akaenda kijiji cha pili kuezeka nyumba. Aliporudi baada ya juma moja, alikuta mlimani pana uwazi mpana kama uwanja wa mpira, kutoka kileleni hadi uani. Mkewe alikuwa amewaita wakata miti. Seremala hakugomba. Aliketi juu ya kisiki, akakipapasa kwa kiganja. Kuona vile kulimchoma Mama Nyuki kuliko matusi.

Juma la tatu mvua ikanyesha. Palipokuwa na uwazi, udongo ulilegea ukashuka. Tope likajaa jikoni hadi magotini. Mizinga mitatu ilifukiwa, nyuki wakiwa ndani. Mama Nyuki aliichimbua kwa mikono, lakini alikuwa amechelewa.

Jirani yao mmoja alifanya kazi kwenye kitalu cha miti. Walimwita Dada Kitalu. Alifika na koleo, akawasaidia kuzoa tope tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kuuliza kosa ni la nani. Walipomaliza, aliwaomba wote wawili wapande naye mlimani, sehemu ambayo haikukatwa.

Huko alichuchumaa, akasukuma majani makavu kando. Chini yake kulikuwa na miche midogo ya namna tatu. Haikufanana na miti ya mzee hata kidogo.

"Hii hakuipanda mtu," alisema. "Ni miti ya asili ya kisiwa hiki. Ndege wanakula matunda kwenye msitu uliobaki kule gengeni, kwenye mteremko mkali wa mawe. Wanakuja kutua kwenye miti ya mzee, wanaangusha mbegu. Hapa zinapata kivuli na unyevu. Kule ulikofyeka, umeona mche wa namna hii?"

Mama Nyuki alikumbuka alichokuwa akikiona kule. Ilichipua miti ile ile ya kigeni tu, maana yenyewe hupenda jua.

Seremala aliuliza, sauti ikiwa chini, "Kwa hiyo baba hakukosea?"

"Baba alifunga kidonda. Lakini kitambaa cha kidonda hakiachwi milele."

Mama Nyuki akawaza kidogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema.

Seremala akacheka, mara ya kwanza kwa mwezi mzima. "Na siku ya tatu mpe jembe."

Dada Kitalu aliwaeleza kazi yenyewe. Wapunguze miti ya kigeni kidogo kidogo, hapa mmoja, pale mmoja, ili jua liingie bila kuuacha mlima uchi. Visiki vibaki ardhini, mizizi iendelee kushika udongo. Magogo yalazwe kukingama mteremko. Miche ya kigeni ing'olewe ingali midogo. Aliwaonya pia kwamba si kila mgeni ni wa kusubiriwa. Kuna mimea inayotambaa na kunyonga mingine, hiyo hung'olewa mara ionekanapo. Na mbegu ya ng'ambo isipandwe kabla ya kuwauliza wataalamu wa misitu.

Seremala ndiye aliyekata mti wa kwanza. Mama Nyuki aliokota mbegu gengeni, akaziotesha kwenye makopo, akapanda miche kwenye ule uwazi aliouacha. Mingi ilikufa. Akapanda tena. Alitumia miti ya mzee iliyokatwa kuijengea miche vichanja vya kivuli.

Mwaka wa tano, katika mwezi ambao miti ya kigeni haikuwa na ua hata moja, alifungua mzinga akakuta sega zito, limezibwa vizuri kwa nta. Alikata kipande, akakipeleka karakana. Seremala alitafuna taratibu, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake. Akauliza ile ni asali ya ua gani.

"Nilijaribu kuhesabu aina za maua asubuhi," alisema Mama Nyuki. "Nilifika tisa, nikapotewa na hesabu."

Seremala akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.