Vidole vya Rukiyah Vilipojikunja

Rukiyah anauza vitambaa na gomesi, yale magauni marefu ya wanawake wa Uganda, katika soko la Busia, upande wa Uganda. Wateja wake wengi ni wanawake wanaovuka asubuhi kutoka upande wa Kenya na kurudi jioni. Anawajua kwa majina. Anajua pia nani anapenda rangi gani, na nani atakataa bei mara mbili kabla ya kununua. Mume wake, Mahmudu, ana lori dogo. Hubeba mahindi, sabuni na saruji kati ya Busia na Tororo.

Mwezi wa mvua, mafua yaliingia sokoni. Alianza kukohoa muuza viazi, kisha fundi cherehani, kisha Rukiyah. Alikunywa chai ya tangawizi, akaendelea kuuza. Baada ya siku chache alikuwa hawezi kumaliza maneno bila kuvuta pumzi. Kifua kilipanda na kushuka haraka. Mteja alimwita, naye akaitikia kwa mkono tu.

Mahmudu alipofika sokoni na kumwona, alianza kukunja vitambaa yeye mwenyewe.

"Leo hakuna biashara," alisema. "Panda gari. Tunakwenda hospitali Tororo."

"Tororo? Kwa nini tusiende hapa karibu?"

"Dada yangu Hajarah yuko Rubongi, jirani na Tororo. Atakaa na wewe, atakupikia. Usibishane, pumzi yenyewe huna."

Hospitalini walipokewa na muuguzi, musawo kama watu wa huko wanavyosema, aitwaye Atai. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika wodi nzima. Alibana kifaa kidogo kwenye kidole cha Rukiyah, akakitazama, akamwekea oksijeni puani mara moja, na dripu mkononi.

"Ni homa ya mafua," alieleza baadaye, vipimo vilipotoka. "Inaletwa na virusi. Kwa watu wengi inaishia kooni na puani. Kwake imeshuka mpaka kwenye mapafu, ndiyo maana pumzi inamsumbua. Ana ugonjwa mwingine? Sukari? Presha?"

"Hapana," alijibu Mahmudu. "Huyu ni mzima kabisa."

"Kuna dawa anayokunywa kila siku?"

"Hakuna, musawo."

Mahmudu hakusema uongo. Alijibu kama alivyojua.

Kesho yake Rukiyah alipumua vizuri kidogo. Hajarah alimletea uji kutoka Rubongi, akamkalisha kitandani na kumfunika mabega.

"Wifi," alisema Rukiyah, "midomo yangu imekufa ganzi. Na vidole. Ni kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi."

"Ni njaa hiyo. Kunywa uji."

Rukiyah alikunywa. Sisimizi hawakuondoka. Muuguzi alipita karibu, lakini hakuna aliyemwambia. Rukiyah aliona ni jambo dogo, na Hajarah aliona muuguzi ana kazi nyingi.

Mchana, mikono ya Rukiyah ilianza kukaza. Vifundo vya mikono vilipinda kuelekea chini. Vidole vilinyooka na kubanana pamoja, na vidole gumba vikajikunja ndani ya viganja. Hajarah alijaribu kuvifungua kwa nguvu. Rukiyah alipiga kelele ya maumivu.

Hajarah alikimbia nje na kumpigia kaka yake simu.

"Mahmudu, njoo! Mikono ya mke wako inajifunga yenyewe!"

Mahmudu alikuwa akishusha saruji mjini. Aliacha mizigo, akaja na vumbi mwilini. Alipoona mikono ile, alivigusa vidole vilivyokaza. Kisha macho yake yakaenda kwenye chupa ya maji ya dripu.

"Ni hii," alisema. "Hii maji ndiyo nafunga yeye mikono. Jana alikuwa hana kitu kama hii. Hajarah, kusanya nguo. Mimi napeleka bibi yangu upande wa Kenya."

Alinyoosha mkono kutaka kuivua mipira ya oksijeni. Muuguzi Atai alikuwa amesikia kelele. Alifika na kusimama kati ya Mahmudu na kitanda.

"Mzee, sikiliza kwanza. Ukimtoa kwenye oksijeni sasa, atachoka kabla hamjafika getini."

"Na nikimwacha hapa, mtamfunga na miguu!"

"Una haki ya kuogopa. Hata mimi sipendi ninachokiona. Lakini dripu haifanyi hivi. Nadhani ninajua kinachofanya hivi, na kinatibika. Nipe nafasi niulize maswali machache."

Mahmudu alirudi nyuma hatua moja. Mkono wake uliteremka.

Atai alimgeukia mgonjwa. "Mama, kabla ya mikono kukaza, ulisikia nini?"

"Ganzi," alijibu Rukiyah kwa shida. "Midomoni na kwenye vidole. Tangu asubuhi."

"Umewahi kupasuliwa? Operesheni yoyote, hata ya zamani sana?"

Mahmudu alijibu haraka. "Ile ya shingo, lakini hiyo ilikwisha. Alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa hapa kooni. Waliutoa, akapona. Haihusiani na mafua."

Atai alifungua taratibu mtandio wa Rukiyah. Chini ya koo palikuwa na kovu jembamba, limelala kama mkufu.

"Baada ya operesheni walikupa dawa za kumeza?"

"Walinipa," alisema Rukiyah. "Za kalsiamu. Walisema nimeze kila siku. Nilimeza muda mrefu. Nikajiona mzima, nikaacha."

"Asante, mama. Umenisaidia sana."

Atai aliondoka mbio na kurudi na Daktari Matayo. Walitoa damu ya Rukiyah na kuipeleka maabara. Waliweka nyaya kifuani kupima mwendo wa moyo. Daktari aliangalia mistari ya mashine kwa makini. Kisha akaagiza sindano ya kalsiamu. Aliiingiza kwenye mshipa polepole sana, jicho moja kwenye mashine.

"Kwa nini hasukumi haraka?" Hajarah aliuliza kwa kunong'ona.

"Ikiingia haraka inaweza kuudhuru moyo," alijibu Atai. "Hii si sindano ya kuchomwa popote. Ni ya hospitali, na mgonjwa akiwa anaangaliwa."

Walingoja. Kidole gumba cha kulia kilitoka ndani ya kiganja. Vingine vikafuata. Rukiyah aliinua mikono yote miwili mbele ya uso wake, akaifungua na kuifunga, akaifungua tena. Hajarah alianza kulia. Mahmudu alikwenda dirishani, akafuta vumbi la saruji usoni.

Majibu ya maabara yalipokuja, Daktari Matayo aliwaonyesha. Kalsiamu ya damu ilikuwa chini sana. Alivuta kiti, akaketi karibu nao.

"Watu wengi wanajua kalsiamu ni ya mifupa na meno," alisema. "Ni kweli. Lakini ipo pia ndani ya damu, na huko ina kazi kubwa. Inasaidia misuli kukaza na kulegea. Inasaidia moyo kupiga vizuri. Ikipungua sana, mtu husikia ganzi midomoni na vidoleni. Misuli hukaza. Anaweza hata kupata degedege, au moyo kupoteza mwendo wake."

"Na mafua yameingiaje hapo?" Mahmudu aliuliza.

"Mtu akilazwa kwa virusi vikali vya mapafu, mara nyingi kalsiamu ya damu hushuka. Mwili uko vitani. Kwa wengi hushuka kidogo, na wakipona hurudi yenyewe. Lakini mama huyu alikuwa na shida nyingine tayari. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vidogo sana. Hivyo ndivyo vinavyosimamia kalsiamu ya damu. Wakati mwingine operesheni ya shingo huviumiza. Ndiyo maana aliambiwa ameze dawa kila siku. Alipoacha, kalsiamu ilipungua taratibu, na mwili ukavumilia. Virusi vilipokuja, ukashindwa."

Mahmudu alikuna kichwa. "Musawo Atai aliniuliza juu ya magonjwa na dawa. Mimi nikasema hakuna. Kumbe nilitakiwa kusema hata ya zamani."

"Sema yote," alisema daktari. "Operesheni, dawa unazomeza, na dawa ulizoacha. Hata kama unaona hazihusiani. Kupima kama zinahusiana ni kazi yetu."

"Na ukisikia ganzi, usingoje," aliongeza Atai, akimwangalia Hajarah. "Niite hata kama nina shughuli."

"Nimesikia, sista," alisema Hajarah. "Nilimpa uji."

"Uji ulikuwa mzuri. Lakini ungeniita pia." Wote walicheka, hata Rukiyah chini ya mipira yake.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Osborn, mfanyabiashara wa mayai kutoka upande wa Kenya. Naye alilazwa kwa homa hiyohiyo. Binti yake, Lorine, alikuwa amesikia kila neno. Alichukua mkoba wake haraka.

"Sista, niko sawa nikienda tu hapo kwa duka la dawa? Nataka kumnunulia buda hizo tembe za kalsiamu. Nyingi, ndio asifike hapo."

"Kaa kwanza, dada yangu. Baba yako tulimpima damu asubuhi. Kalsiamu yake imeshuka kidogo tu. Hana ganzi, na moyo wake unapiga vizuri. Tutampima tena."

"Lakini si ni chakula cha mifupa? Itamdhuru aje?"

"Ikizidi inadhuru. Inaweza kuleta mawe kwenye figo, kufunga choo, hata kumchanganya mtu akili. Na tembe hizo haziui virusi. Wewe mpe maji na chakula. Akiweza kula, mletee mukene, wale dagaa wadogo, awatafune na mifupa yao. Mpe na maziwa."

Lorine alirudisha mkoba chini. "Mukene anapenda. Ni yeye tu hulalamika hana meno."

"Nina meno ya kutosha," alisema Mzee Osborn, macho yakiwa yamefumbwa.

Wote wawili walipona. Kipimo cha pili cha Mzee Osborn kilionyesha kalsiamu imepanda bila tembe yoyote. Rukiyah alitolewa oksijeni, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alipewa kalsiamu ya kumeza, na aina ya vitamini D inayousaidia mwili kuichukua. Dagaa na maziwa pekee havimtoshi yeye, kwa sababu ya vile vitezi vilivyoumia. Daktari alimwambia wazi kwamba dawa zile pengine ni za maisha, na kwamba lazima damu ipimwe mara kwa mara ili kipimo cha dawa kisizidi wala kupungua.

Sasa Rukiyah humeza dawa pamoja na chai ya asubuhi. Mahmudu akiwa safarini hupiga simu na kuuliza. Rukiyah humjibu, "Nimemeza kabla hujawasha lori." Hajasikia tena ganzi. Akikohoa kidogo, hangoji hadi ashindwe kupumua. Huenda kituo cha afya, na anapoulizwa maswali, huanza na shingo.

Juzi alirudi Tororo kupima damu. Kwenye benchi la kungojea aliketi karibu na mwanamke kijana kutoka Mwello. Jina lake lilikuwa Akwi. Alikuwa na bandeji mpya kooni.

"Rovu?" aliuliza Rukiyah.

"Rovu. Wamelitoa. Najisikia vizuri, hata nafikiri kuacha hizi dawa."

Rukiyah alishusha mtandio wake na kumwonyesha kovu. Akamsimulia habari ya mafua, ya sisimizi midomoni, ya mikono iliyojifunga mchana kweupe. Akwi alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akafungua mkoba, akatoa pakiti zake zote na kumwekea Rukiyah mapajani.

"Basi niambie, mama. Nimeze ipi, na kiasi gani?"

Rukiyah alizikusanya moja moja na kuzirudisha mkobani.

"Hapo mimi sijui, mwanangu. Mimi najua za kwangu tu. Twende, tumuulize musawo pamoja."

Akamshika mkono, wakaingia ndani.