Usipokee, Yudelka!

Yudelka Marte alikutana na Ransel kwenye foleni ya duka la Don Quírico, Jumamosi moja ya Oktoba, watu wamejaa hadi mlangoni na muziki wa bachata unanguruma. Alikuwa na rola za nywele kichwani na gauni la njano. Kijana mrefu aliyekuwa mbele yake alikumbatia ndizi mbichi zote zilizobaki.

"Kaka, unalisha kambi ya jeshi?"

"Nakula peke yangu, mrembo. Mimi mchezaji wa besiboli."

"Aa, nimekujua! Yule wa timu ya Pomboo anayepunga gongo kama anafukuza nzi!"

Duka zima likacheka. Ransel naye akacheka, akamgawia nusu ya ndizi na kumwomba namba ya simu papo hapo.

Wiki mbili wakawa chanda na pete. Kila siku ya mechi Yudelka alimpigia saa moja kabla, akamtania kidogo, kisha akamwambia, "Nenda, roho yangu, kapige." Na kila siku Ransel alikosa mpira, hata kocha akaanza kusema atamweka benchi.

Halafu Jumanne moja hakupokea. Wala Jumatano. Ujumbe wa Yudelka ulisomwa, haukujibiwa. Redioni mtangazaji alikuwa akipasua koo: Ransel kapiga! Kapiga tena! Mechi baada ya mechi, hata moja haipiti bila yeye kupiga. Asubuhi Yudelka alimlaani, alasiri akawasha redio amsikilize. Siku moja walikaribia kupishana barabarani, Ransel akavuka upande wa pili mbio bila hata kumpungia mkono. Yudelka alibaki pale amesimama, hajui alie au amrushie kiatu.

Aliyemfumbua macho ni Minerva, mke wa mchezaji mwenzake Ransel, alipokuja saluni kwa Yudelka kunyoosha nywele.

"Kumbe hujui? Siku aliyoanza kupiga, simu yake iliisha chaji, hakupokea yako. Basi habadilishi kitu. Soksi hafui, simu yako hapokei. Wangu mwaka jana alikula maharage siku kumi na saba."

"Kwa hiyo mimi ni nuksi?"

"Sijasema nuksi."

"Nimeachwa kwa ajili ya soksi, Minerva!" Akacheka mpaka akalia, kisha akashindwa kujua analia nini.

Ikafika Jumapili ya mechi ya ishirini tangu aanze kupiga. Ransel akipiga tena, anafikia rekodi ya timu. Saa tisa alasiri, saluni ikiwa imejaa, simu ya Yudelka ikaita. Ransel.

"Usipokee!" wanawake wakapiga kelele, mmoja akainuka na rangi inamchuruzika shingoni.

Yudelka alikuwa shabiki wa Pomboo tangu utotoni. Akaurudisha mkono. Simu ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena, akaipokea.

"Una wazimu? Kata simu!" Yudelka akamfokea.

"Sikati. Umenichukia?"

"Nimekuchukia, nimekupenda, nimekuchukia tena, sijui nimefikia wapi! Kwa nini leo?"

"Jana uwanja mzima uliimba jina langu. Nikashika simu nikuambie, nikaogopa. Mwanamume mzima naogopa sauti ya mpenzi wangu! Nisamehe, Yude. Njoo ukae nyuma ya benchi letu."

"Na ukikosa?"

"Nikose ukiniona."

Akaenda amevaa gauni jekundu. Ransel akakosa. Mara nne alishika gongo, mara nne akarudi mikono mitupu, na rekodi ikamponyoka. Nyuma ya Yudelka mmoja wa wanawake wa saluni akasema, "Ndiye huyo! Kapokea simu!" Watu wakageuka kumkodolea macho. Alitaka ardhi ipasuke, na wakati huohuo alikuwa na furaha aliyoionea aibu.

Ransel akavua kofia. Hakumtazama kocha. Alimtafuta Yudelka kwa macho mpaka akamwona, akaja hadi kwenye wavu.

"Kesho nipigie," alisema.

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Yudelka akasimama, akaanza kupiga makofi, peke yake.