Kipepeo wa Nyumba ya Pili

Fundi miwani alikuwa anashuka ngazi za jengo la maduka, shati limenyooka kwa pasi, aliposikia sauti tamu ikinadi: "Mtandao wa kijamii usio na bosi! Hakuna wa kukufunga mdomo!"

Mwenye sauti alivaa gauni la njano, na watu walikuwa wanampita kama nguzo.

"Dada, huo usio na bosi ukiharibika, namlilia nani?"

"Njoo unililie mimi," binti akacheka. "Sikiliza, kaka. Ni kama mtaa wenye nyumba nyingi, kila nyumba na mwenyewe. Unahamia unayoipenda, lakini salamu unatuma kokote."

"Na wewe unakaa nyumba gani?"

"Jiunge kwanza, unitafute. Naitwa Kipepeo."

Akajiunga palepale. Jioni akamsaka Kipepeo, akampata, akaandika: "Umekula, mrembo?"

"Nimekula, mwanangu. Wewe je?"

Mwanangu! Kumbe mtoto wa mjini huyu. Wakazoeana. Kila asubuhi akaulizwa kama amekunywa chai. Aliposema ana mafua, akaagizwa avae sweta. Hakuwahi kupendwa hivyo.

Binti naye alichungulia simu yake akingoja ujumbe wa fundi mpaka akanuna. Kwa hiyo fundi alipomtokea tena pale chini ya ngazi, ananukia manukato, alipewa mgongo.

"Mpenzi, vipi tena?"

"Mpenzi wa nani? Hukuniandikia hata neno!"

"Na hili sweta nililovaa kwa amri yako?" Akampa simu asome.

Binti akasoma, akashika kichwa. "Huyu ni Kipepeo wa nyumba nyingine! Nyumba zikiwa tofauti, majina yanaweza kufanana. Huyu... huyu ni mama yangu! Nilimwandikisha mwenyewe kwa jina hilohilo, nijizoeze kuelekeza watu."

Fundi akatamani ardhi impasukie. "Nilimwambia natamani kumbusu!"

"Akajibu nini?"

"Subira huvuta heri."

Binti akapiga simu, sauti akaiweka wazi. "Mama, huyu fundi miwani yuko hapa kando yangu. Kwa nini hukumwambia kwamba wewe si mimi?"

"Nilijua si wangu. Alisifu vishimo vya mashavuni. Mimi sina, wewe umevirithi kwa baba yako. Nikasema ngoja nimchunguze. Ana adabu. Mwambie aje Jumapili na wazazi wake."

"Mama! Hata hajanitongoza!"

"Basi aanze, nasikiliza."

Fundi akasafisha koo. "Dada..."

"Dada tena?" mama akafoka.

Binti akakata simu, akamshika fundi mkono. "Haya, endelea. Sasa tuko wawili."