Namba za Mzee Polikarp

Kila Jumamosi asubuhi Mzee Polikarp wa Malangali alivaa shati lake la kanisani, akashuka kupima maji ya mto.

"Baba Vicent, unakwenda mtoni au harusini?" mkewe, Cornelia, alimtania.

"Kazi ya kujitolea nayo ni kazi," alijibu, akabeba bomba na daftari.

Bomba lenyewe lilikuwa refu, la plastiki inayoonyesha ndani. Chini lina alama nyeusi. Unamimina maji kidogo kidogo, ukichungulia kwa juu, mpaka alama ipotee machoni. Kisha unasoma kina. Maji yenye tope huificha alama mapema.

Daftari lilisema maji ni maangavu wiki zote. Basi Cornelia akaacha kuchemsha ya kunywa. Kuni za nini, na mume amepima mwenyewe? Lakini mjukuu wao Anjela, wa miaka minne, aliharisha mara mbili mwezi huo. Mara ya pili alilazwa kituo cha afya, na Cornelia alilia sana.

Jumamosi iliyofuata alikuja Edith, ofisa wa maji aliyemfundisha Polikarp kupima.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Edith akafungua daftari. "Baba, mvua inyeshe, isinyeshe, namba ni ile ile. Maji unayateka wapi?"

Polikarp akaangalia viatu vyake. "Kule juu, kwenye chemchemi."

"Si kivukoni, tunapoteka sisi?" Cornelia alishtuka.

"Kivukoni ng'ombe wanakanyaga, maji meusi! Nipeleke ofisini uchafu wetu? Mgeni akija si tunafagia uwanja kwanza?"

Ndivyo alivyo mzee huyu. Cha kwao hataki kiaibishwe. Cornelia alitaka kufoka, akashindwa.

"Mimi niliamini daftari lako," alisema polepole, "nikamnywesha mtoto."

Machozi yalimlenga Polikarp.

"Pima pale watu wanapoteka, baba, hata kama panatia aibu," alisema Edith. "Ndipo tutajua pa kutengeneza. Na wewe mama, bomba linaonyesha tope tu, vijidudu huvioni. Hata maji maangavu, yachemshe."

Wakashuka kivukoni. Alama ilipotea kwenye sentimita kumi na mbili. Polikarp aliandika hivyo hivyo. Chini yake akaongeza: *Ng'ombe wangu nao wamo.*

Mwezi huo yeye na majirani walijenga birika la kunyweshea ng'ombe mbali na mto. Walipanda majani kingoni, wakaacha kulima hapo. Baada ya miezi mitatu alama ilionekana hadi sentimita arobaini. Cornelia alichemsha maji yote ya kunywa, na Anjela hakuharisha tena.

Mvua za kwanza ziliposhusha udongo, namba ikashuka hadi ishirini. Jirani yao Oswaldi alikuwa pale na ndoo.

"Mzee, andika hata thelathini basi. Watatuonaje?"

"Ishirini," alisema Polikarp, akaandika. "Wajukuu wako nao wanakunywa hapa."

Oswaldi akaweka ndoo chini, akamshikia bomba.