Mzee Kipenga Anaomba Radhi

"Kiuno kinapwaya, mapaja yanabana," alisema kijana mmoja, akaitupa suruali ya kadeti juu ya cherehani. "Fundi, utanisaidiaje?"

Lukresia alikuwa ameinamia kola ya shati la mteja mwingine. Siku ya mzigo mpya, soko la mitumba la Memorial halina pa kukanyaga. Wauza viatu wanagonganisha soli, wauza mashuka wanapiga kelele za bei, na mafundi kama yeye wanakaa pembeni wakingoja nguo zisizowatosha watu. Aliinua uso, na sindano ikamchoma kidole.

Mbele yake alikuwa amesimama Shedrack, beki wa kulia wa Theluji FC, namba mbili mgongoni. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, fulana nyeupe imemkaa kifuani vizuri mno. Lukresia alimjua kuliko alivyowajua majirani zake. Asubuhi ile ile alikuwa ameandika habari zake, na watu elfu tatu walikuwa wameshazisoma.

Maana Lukresia alikuwa na siri. Zamani, alipoandika kwa jina lake kwenye ukurasa wa Facebook wa mashabiki wa Theluji, wanaume walimwambia aende akapike mtori. Basi akafungua jina jingine, Mzee Kipenga, akaweka picha ya kofia ya marehemu babu yake Primus, aliyekuwa mwamuzi wa mechi za vijiji huko Marangu na ndiye aliyemfundisha mpira. Maneno yakawa yale yale, ila sasa yakaitwa hekima. Kocha aliyepita aliondoka siku nne tu baada ya Mzee Kipenga kuandika kwamba anapanga kikosi kwa kuangalia nani kamwamkia. Ronald wa kiungo, Mzee alisema, anarudisha pasi nyuma mpaka kipa anataka likizo. Kocha mpya, Eliufoo, akili anazo, lakini anabadilisha wachezaji dakika ya themanini na saba, mechi imeshakufa na kuzikwa. Na Shedrack je? Mwezi uliopita aliandikwa hivi: "Moyo anao, mbio anazo, ila mguu wake wa kushoto ni wa kupandia pikipiki tu."

"Simama wima nikupime," alisema Lukresia, akazungusha tepu. "Heh! Kaka, hili ni paja au gogo?"

"Ni kazi ya uwanjani, dada. Nachezea Theluji. Hujawahi kuniona?"

"Mpira siujui mimi."

Uongo ulimtoka kirahisi, kama mtu anayesema salama wakati anaumwa.

"Afadhali," Shedrack akacheka. "Nimechoka na wanaoujua. Kuna mzee mmoja huko mtandaoni, anaitwa Kipenga. Sikiliza alivyoniandika." Akatoa simu, akamsomea ile ya pikipiki mpaka mwisho, tena kwa sauti ya kizee.

"Umekasirika?"

"Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikaona mzee anasema kweli. Sasa kila asubuhi napiga mpira ukutani kwa kushoto, mara mia mbili. Siku nikikutana naye nitamnunulia pombe ya mbege." Akamtazama. "Na wewe nikununulie nini?"

"Nunua kwanza suruali yenye mapaja," akajibu Lukresia, na masikio yakapata moto.

Suruali ilirudi kupunguzwa mara tatu, kila mara sentimita moja. Mara ya nne Shedrack akaja bila suruali, akaomba namba ya simu.

"Fundi wangu, umeshakula?"

"Nimekula. Na wewe, gogo langu?"

"Nimekula ugali na sauti yako."

"Hebu nenda huko! Maneno yenu ya kambini hayo."

Kambini ni kule chini kwenye mashamba ya miwa, kwenye joto, alikozaliwa Shedrack. Wazazi wake walitoka Kigoma kuja kukata miwa wakabaki huko huko. Kila jioni alipiga simu, na kila baada ya mechi alimsomea aliyoandika Mzee Kipenga. Lukresia alisikiliza maneno yake mwenyewe yakimrudia kwa sauti ya mtu anayempenda, akauma mdomo. Mara nyingi alijiambia kesho atasema. Kesho ikifika Shedrack anacheka vizuri sana, naye anaona vibaya kuharibu.

Jumapili moja Lukresia alimpeleka Marangu kusalimia kwao. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilojishonea mwenyewe, lenye mikono mipana. Baada ya chakula walitembea kihambani, katikati ya migomba na mibuni. Lukresia alinyoosha mkono wa kulia kumpa ndizi mbivu. Alikuwa upande wa kushoto wa Shedrack, na Shedrack hakuiona.

"Unaringa?"

Shedrack alisimama. "Lukre, kuna kitu hata kocha hakijui. Nilipokuwa na miaka kumi na moja jani la muwa lilinikata jicho hili la kushoto. Naona, lakini naona ukungu. Jua likishuka, mpira wa juu ukitokea upande huo unanipotea kabisa."

"Pole, mpenzi wangu. Kwa nini usiwaambie?"

"Baada ya wiki tatu timu ya ligi kuu inatuma watu kutoka Dar kuniangalia. Nani atamnunua beki mwenye jicho moja na nusu?" Akamshika kiganja. "Nakuambia wewe kwa sababu wewe mpira huujui. Ungekuwa unaujua, ungeanza kunihesabia makosa."

Lukresia alimkumbatia. Na kweli, hapo hapo begani mwake, kichwa kilikuwa kimeshaanza kuhesabu: bao la mwezi uliopita, lile la kabla yake, yote yalitokea upande wa kushoto. Alijichukia, lakini hakuacha kuhesabu.

Jumamosi iliyofuata Theluji walifungwa mawili kwa moja nyumbani. Mabao yote mawili ni krosi ndefu zilizompita Shedrack kichwani huku akitazama pengine. Ukurasa wa mashabiki ukawaka. Kapewa chochote huyo. Kauza mechi. Mmoja akaandika kwamba anajua kambi anayokaa.

Lukresia alisoma akiwa amesimama nje ya geti la uwanja. Wamwite mwizi? Shedrack huyu? Vidole vikaanza kuandika kabla hajafikiri:

"Acheni ujinga. Kijana hajauza kitu. Jicho lake la kushoto halioni vizuri, ndiyo maana krosi zinampita. Eliufoo amhamishie namba tatu, beki ya kushoto, ili jicho zima litazame uwanja. Mguu wa kushoto sasa anao. Nimemaliza. Mzee Kipenga."

Alibonyeza, akaona watu wanavyomiminika kumsifu: Mzee ana macho ya tai, Mzee apewe timu. Na tuseme ukweli wake wote, maana baadaye alijisemea hivyo mwenyewe: nusu ilikuwa mapenzi. Nusu nyingine ilikuwa ile raha ya kuwa mtu pekee mwenye jibu. Raha ile ilidumu dakika kumi hivi. Kisha akakumbuka kiganja cha Shedrack kihambani, akajaribu kufuta. Watu mia nne walikuwa wameshaipiga picha na kuisambaza.

Jumatatu viongozi wa klabu wakampeleka Shedrack kupimwa macho. Jumanne wakavunja mkataba wake. Jumatano ile timu ya Dar ikapiga simu kusema asijisumbue.

Alhamisi Shedrack alisimama mbele ya cherehani, amevaa ile ile suruali ya kadeti.

"Nimewaambia watu wangapi habari ya jicho langu, Lukresia?"

Hakumwita Lukre. Lukresia alishusha macho.

"Mmoja," Shedrack akajijibu. "Sasa niambie. Huyo Mzee Kipenga ni nani yako?"

"Shedrack, kaa kwanza..."

"Sikai. Ana gari? Anakulipia chumba? Mnalala mnanicheka, si ndiyo?"

Muuza mashuka wa jirani, Gladys, aliacha kupiga kelele za bei. Soko zima lilikuwa kama limetega sikio. Lukresia alifungua mdomo. Jina lilikuwa pale pale kwenye ulimi, jina lake mwenyewe, lakini aliona aibu mbele ya Gladys, mbele ya wauza viatu, mbele ya wanaume wote watakaosema tulijua tu. Akafunga mdomo.

"Sawa," Shedrack akasema polepole. "Mwambie mzee wako ameshinda."

Tangu siku hiyo simu yake haikupatikana. Lukresia alishona zipu kinyume, akakata suruali ya mtu mguu mmoja mfupi. Alikuwa amemnyang'anya mtu kazi, kisha akamwacha aondoke akidhani ameibiwa na mwanamke pia. Wiki ilipoisha alifunga cherehani, akapanda Marangu.

Mama yake, Mama Doris, alimkuta kwenye mpaka wa kihamba ameshika panga, anatazama masale, ile mimea ya majani marefu ya mpakani. Uchaggani, anayekuletea sale amekuja kuomba msamaha, na ukishalipokea mkononi umesamehe.

"Umemkosea nani, mwanangu?"

"Mtu, mama."

"Mtu mkubwa au mdogo?"

"Mtu ninayempenda."

Mama akavuta pumzi. "Basi usichume jani tu. Kata lenye shina."

Kesho yake Lukresia alishuka mpaka kambini na sale mkononi, vumbi la barabara ya miwa limemjaa kwenye viatu vyake vyeupe. Mama yake Shedrack, Mama Redempta, alikuwa akipepeta mchele mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama aliangalia sale, akaangalia uso wa Lukresia, akaelekeza ungo nyuma ya nyumba. "Yuko huko anapiga ukuta."

Alikuwa anapiga kweli, kwa kushoto, ingawa hakuwa tena na timu ya kumpangia. Alipomwona aliushika mpira.

"Umetumwa na mzee wako?"

"Mzee Kipenga hana gari," alisema Lukresia. "Mzee Kipenga ana cherehani. Ni mimi, Shedrack. Hakuna mzee. Ile ni kofia ya babu yangu."

Shedrack aliudondosha mpira.

"Ya pikipiki?"

"Mimi."

"Nikakusomea kwa sauti ya kizee."

"Ukanisomea."

"Na siku ile sokoni nakuuliza, ukanyamaza niende nikidhani una bwana." Akausukuma mpira kando kwa mguu. "Lukresia, timu ningepata nyingine. Mimi nilikuwa nakuelezea hofu yangu, kumbe wewe unachukua maelezo."

Lukresia alinyoosha sale kwa mikono miwili. "Nimekosa. Nilitaka kukuokoa, na nilitaka nionekane najua. Vyote viwili."

"Hili si la kwenye mipaka ya mashamba yenu? La nini?"

Akamweleza. Shedrack alisikiliza, kisha akaficha mikono mgongoni.

"Basi silipokei. Liweke pale chini. Ulinisema mbele ya watu elfu tatu, ukaombe radhi mbele ya hao hao, kwa jina ulilobatizwa nalo. Halafu tutaona."

Lukresia aliandika akiwa bado njiani kurudi mjini, kwa vidole vizito safari hii. Aliweka picha yake mbele ya cherehani, sindano mdomoni. "Mimi ndiye Mzee Kipenga. Naitwa Lukresia. Nilitangaza siri niliyoambiwa na mtu aliyeniamini, na nimemharibia maisha. Mniseme mimi." Wakamsema kweli kweli. Kumbe tulikuwa tunafundishwa na fundi wa mitumba! Wengine walimrudisha kwenye mtori wake. Hayo aliyameza. Lililomkaa kooni ni ujumbe wa Kocha Eliufoo, aliomwandikia faraghani: "Hilo la namba tatu ni kweli, binti. Ungenipigia simu tu, ningelifanya kimya kimya."

Aliusoma mara nyingi. Kumbe ilikuwa simu moja tu.

Mwezi ukapita, na nusu ya mwingine. Siku moja mchana simu ikaita.

"Fundi."

Lukresia aliacha mguu kwenye pedeli. "Naam."

"Jumapili timu ya kambi inacheza na wa Bomang'ombe, hapa kwetu. Napangwa namba tatu. Kama una nafasi."

Alikwenda na lile gauni la bluu, akasimama nyuma ya watu wote, mikono ameikunja. Hakupiga kelele hata moja. Shedrack alicheza upande wa kushoto, jicho zima likitazama uwanja, na krosi zote alizitangulia. Mara moja alikata mpira kwa mguu wa pikipiki, ukaenda mita arobaini kifuani kwa mshambuliaji wao. Watu hamsini walishangilia. Ilipaswa wawe maelfu, Lukresia aliwaza, na machozi yakamlenga.

Mechi ilipokwisha Shedrack alimfuata, jezi imemgandia kwa jasho.

"Nilichezaje?"

"Sisemi mimi."

"Sema. Safari hii nimekuuliza mwenyewe."

"Dakika ya sitini ulipanda ukasahau kurudi."

Shedrack akacheka, kile kicheko chake cha sokoni. "Kweli. Hiyo iishie hapa hapa." Kisha akamwongoza mpaka mlangoni kwa mama yake. Ndani ya ndoo kuukuu yenye udongo, lile sale lilikuwa limesimama wima, na katikati limetoa jani jipya la kijani kibichi.

"Sikulipokea, nililipanda," alisema bila kumtazama. "Nikajiambia, likikauka basi yameisha. Likishika, nitavaa ile kadeti nipande Marangu nikaongee na Mama Doris. Ndiyo hivyo, limeshika."

Lukresia angeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi kabisa, na alitamani sana kunyamaza.

"Shedrack," alisema, "hilo usiliamini. Sale lenye shina halikosi kushika. Hata ukilichomeka kwenye kifusi linaota."

Shedrack aliinama, akaondoa kijiti kilichoangukia kwenye ndoo.

"Najua," alisema. "Mama yangu aliniambia siku ile ile, kabla sijalimwagia maji."