Duara la Kijani Lenye Pamba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kisindano alikaguliwa kichwa. Mama alimsimamisha mlangoni penye mwanga, akamgeuza huku na huku, akamtoa pamba kwenye nywele kama mtu anayechagua mchele. Haikusaidia sana. Baba yake alikuwa fundi wa magodoro, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa karakana, kwa hiyo pamba ilikuwa kila mahali: kitandani, ndani ya daftari la hesabu, hata kwenye chai. Uchochoro wao wote ulikuwa hivyo, maana karibu kila nyumba ilikuwa na fundi wa magodoro. Shuleni walimu hawakuwauliza watoto hao wanatoka wapi. Waliangalia nywele tu, wakajua.

Jina la Kisindano alipewa na baba yake. Alikuwa mwembamba, halafu aliweza kutunga uzi kwenye sindano ndefu ya magodoro kwa jaribio moja, bila hata kuulamba. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Rafiki yake wa kufa na kuzikana aliitwa Twiga, na ukimwona huyo Twiga huhitaji kuelezwa kwa nini. Twiga aliishi nyumba ya mwisho kabisa ya uchochoro, karibu na mtaro. Kila asubuhi alipita kumchukua Kisindano, wakaenda shule wakipiga soga, na mchana wakarudi wakiendeleza soga ileile pale walipoiachia.

Jumatatu moja, walipokuwa wakitoka, walimkuta mpaka rangi amechuchumaa uchochoroni na makopo mawili ya rangi, moja la kijani na moja la njano. Alikuwa akiangalia karatasi, anachora duara kando ya mlango, anaangalia tena karatasi, anahamia mlango wa pili. Nyumba ya Kisindano alikuwa ameipa duara la njano.

"Shikamoo, mjomba," Kisindano alisema. "Unachora nini?"

"Marahaba. Nachora nilichoambiwa nichore."

"Na maana yake nini?"

Mpaka rangi alifikiri kidogo. "Maana yake mwulize aliyenituma," alisema, akachovya brashi.

Kufika mchana uchochoro mzima ulikuwa umechanganyikiwa. Muuza vitambaa aliapa kwamba nyumba za kijani zitabomolewa. Jirani yake akaapa kwamba ni za njano. Fundi mmoja mwenye duara la njano aliyatoa magodoro yake yote nje, akakaa juu yake kuyalinda. Jioni akaambiwa ni za kijani, akayarudisha ndani moja moja huku jasho linamtoka. Mwenye habari kamili hakuwepo, lakini kila mtu alikuwa nayo ya kumpa mwenzake.

Kesho yake mwalimu mkuu aliwasimamisha wanafunzi wote uwanjani, akajaribu kuwafafanulia.

"Hakuna nyumba itakayobomolewa," alisema. "Sikilizeni vizuri. Barabara kubwa mpya inayojengwa itapita hapa, itachukua nusu ya uwanja wetu na madarasa manne. Kwa hiyo hatutaweza kuwachukua watoto wote. Mpaka wa wilaya nao umechorwa upya, na umepita katikati ya uchochoro wa mafundi wa magodoro. Nyumba za kijani zinabaki wilaya hii, na watoto wake watabaki hapa. Nyumba za njano zinahamia wilaya ya jirani, na kuanzia Jumatatu ijayo watoto wake watasoma shule mpya ng'ambo ya barabara. Karani atapita kesho kuandika majina. Tumepewa nafasi za nyumba arobaini za uchochoro huo, basi."

Kisindano alisikia kila neno, lakini maneno hayakukaa sawa kichwani. Mpaka ule ulikuwa umepindapinda, ukaichukua nyumba hii ukairuka ile, utadhani mchoraji alikuwa akisinzia. Nyumba yao ilikuwa njano. Ya akina Twiga ilikuwa kijani.

"Kwa hiyo nikija kwenu kucheza nitakuwa wilaya gani?" alimwuliza Twiga wakiwa njiani kurudi.

"Ukiwa kwetu wewe ni kijani. Ukirudi kwenu ni njano."

"Na nikisimama uchochoroni?"

Twiga alikuna kichwa. "Hapo sijui. Labda unakuwa huna wilaya."

Walicheka, lakini Kisindano ndiye aliyeacha kwanza. Hakuwahi kwenda shule bila Twiga, tangu siku ya kwanza waliposhikana mikono wakiogopa kengele.

Alasiri hiyo mpaka rangi alirudi kumalizia milango michache. Njaa ilipomzidi aliacha makopo yake ukutani, hatua chache kutoka mlangoni kwa akina Kisindano, akaenda kutafuta chakula. Baba alikuwa amepeleka godoro kwa mteja. Mama alikuwa uani akifua. Kisindano alisimama pale mlangoni, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Kisha aliokota kijiti, akakizungushia pamba, akakichovya kwenye kopo la kijani. Alilifunika duara la njano lote, akakitupa kijiti mtaroni, akaenda kunawa mikono mara tatu. Hakuna aliyemwona.

Jumatano karani alikuja. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na viatu vyenye vumbi, na fomu ndefu juu ya ubao. Alianzia mwanzo wa uchochoro, akaandika nyumba moja baada ya nyingine kwa kufuata rangi zilizo milangoni.

"Hii ni ya kijani," alisema alipofika kwao. "Jina lako, fundi? Na watoto wangapi wanaosoma?"

Baba aliliangalia duara. Aliliangalia kwa muda mrefu mno. Kisindano, aliyekuwa amejificha nyuma ya rundo la pamba, alizidi kujikunja. Baba alikohoa, akataja jina lake, akasema ana mtoto mmoja. Karani akaandika, akaendelea na safari yake. Kisindano alishusha pumzi. Alitaka kurukaruka kwa furaha.

Furaha hiyo haikudumu hata saa moja. Makelele yalisikika kutoka mwisho wa uchochoro, na watu wakaanza kukimbilia huko. Kisindano naye akakimbia.

Karani alikuwa amesimama mlangoni kwa akina Twiga. Mama yake Twiga alikuwa ameshika kiuno.

"Lakini si unaona ni kijani, dada yangu? Imekuwa kijani tangu juzi!"

"Ninaona, lakini nimeambiwa nyumba arobaini," karani alisema kwa sauti ya uchovu. "Arobaini nimeshaziandika, fomu imejaa. Hii ni ya arobaini na moja. Mpaka rangi amekosea hapa mwisho."

Mpaka rangi akaitwa. Akaja, akaangalia karatasi yake, akaangalia mlango, akasema haelewi. Aliambiwa abadilishe, akabadilisha. Duara la kijani la akina Twiga likawa njano mbele ya macho ya watu wote. Twiga alisimama mdomo wazi.

Kisindano alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Ilikuwaje? Mwalimu mkuu alisema arobaini. Mpaka rangi alifuata karatasi. Iweje zipatikane arobaini na moja? Alitoka tena, akaanza kuhesabu milango ya kijani mmoja mmoja tangu mwanzo wa uchochoro, akigusa kila ukuta. Alipofika kwao akasema "ishirini na tatu", akasita. Akasonga mbele mpaka mwisho. Arobaini. Akahesabu upya, safari hii akauruka mlango wao. Thelathini na tisa. Ya arobaini ilikuwa ya Twiga.

Alikaa chini palepale kando ya mtaro. Nyumba yao isingekuwamo kwenye hesabu. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa ameiingiza nyumba yao mlango wa mbele na kuisukuma ya Twiga nje kwa mlango wa nyuma.

Twiga alimkuta hapo. Macho ya Twiga yalikuwa mekundu, lakini alijitahidi kutabasamu.

"Usilie bwana," Twiga alisema. "Nitazoea tu. Afadhali hata wewe umebaki. Utakuwa unanisimulia mambo ya shule yetu."

Kama angemtukana ingekuwa nafuu. Kisindano aliinuka, akakimbilia nyumbani.

Alipoingia ndani, baba alikuwa ameshaanza godoro jipya. "Njoo unitungie uzi," alisema, akimnyooshea sindano. Kisindano alijaribu, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena. Akaulamba, akajaribu mara ya tatu, na uzi bado ukagoma, maana machozi yalikuwa yamejaa machoni. Baba aliweka kitambaa chini.

"Baba," alisema Kisindano, "ni mimi niliyepaka duara la kijani. Nilichukua rangi ya mpaka rangi. Nilitaka nibaki na Twiga, na sasa Twiga ndiye ametolewa." Akaangua kilio.

Baba hakufoka. Alimshika mkono, akamtoa mpaka mlangoni, akalikwangua duara kwa ukucha. Kwenye rangi iliyokauka kulikuwa na nyuzi nyeupe za pamba.

"Mpaka rangi anatumia brashi," alisema. "Brashi haina pamba. Nililijua jambo hili tangu karani aliposimama hapa."

Kisindano alipigwa na butwaa. "Sasa mbona hukusema?"

Baba alitazama chini. "Kwa sababu na mimi nilitaka ubaki. Nimesoma shule ile, na babu yako alishona magodoro ya bweni lake. Nikajiambia ni duara tu, linamdhuru nani? Kumbe lilikuwa linatembea kuelekea kwa jirani yetu. Kwa hiyo tusiende kukusema wewe peke yako. Tunakwenda wote wawili, na wote tuna la kusema."

Walimkuta karani ofisini, nyuma ya meza iliyojaa mafaili, akijiandaa kufunga. Kisindano alieleza mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, sauti ikikatika. Baba naye akaeleza lake. Karani alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Tangu nianze kazi hii," alisema, "watu huja hapa kukana. Sijaona waliokuja kujishtaki." Akaifungua ile fomu. "Na mimi nina langu. Hesabu ilipokataa, nilitakiwa kurudi nyuma nitafute kosa liko wapi. Nilikuwa nimechoka, jua kali, kila mtu ananiuliza ninayoyajua nusunusu. Nikaona rahisi kumwangushia kosa mtu wa mwisho." Alikata mstari wa ishirini na tatu, akasogeza majina, akaandika la mama yake Twiga kwenye arobaini. "Unaelewa maana yake, binti? Wewe utakwenda shule ya ng'ambo."

"Naelewa," alisema Kisindano. Lilikuwa jambo la kwanza alilolielewa sawasawa wiki ile.

"Na Jumamosi nitakuja kwenye uchochoro wenu na ramani yenyewe," karani aliongeza. "Haiwezekani watu wachorewe milango halafu wabaki wanakisia."

Kumwambia Twiga kulikuwa kugumu kuliko kumwambia karani. Twiga alisikiliza mpaka mwisho, uso ukabadilika. "Yaani ni wewe? Na mimi nilikuwa nakubembeleza?" Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Alhamisi hakupita kumchukua. Ijumaa pia.

Jumamosi karani alikuja kweli. Mafundi walisogeza magodoro yao uchochoroni yakawa viti, ramani ikatundikwa ukutani kwa sindano za magodoro, na watu wakauliza maswali mpaka wakatosheka. Muuza vitambaa aliuliza kama watu wa njano bado ni watu wa uchochoro ule. Karani akasema karatasi za wilaya haziwezi kujibu swali hilo, na watu wakapiga makofi. Kisindano alikaa mwisho kabisa, peke yake. Baba alikuja kukaa karibu naye.

"Mwanangu," alisema polepole, "mpaka huu hatukuuchora sisi, na hatukuupenda. Tuna haki ya kuuliza, kupinga, hata kulalamika, tena mbele ya watu. Lakini ukiubadilisha kwa siri, huubadilishii mlango wako peke yake. Godoro unalijua. Ukivuta uzi hapa, kule mbali kunakunjamana. Sema ukweli hata kama utakuondolea unachokipenda, maana ukinyamaza atanyang'anywa mwingine ambaye hajui hata kwa nini."

"Twiga hataki kuniona," alisema Kisindano.

"Ana haki. Mpe muda."

Jumatatu asubuhi mama alimsimamisha Kisindano mlangoni, akamgeuza huku na huku, akamtoa pamba kichwani kwa makini kuliko siku zote. Shule mpya, walimu wapya, hataki mtu amcheke mtoto wake. Alipokuwa akimaliza, hatua ndefu zikasikika uchochoroni. Twiga alisimama mbele yao, begi mgongoni.

"Njia ni moja mpaka pale inapojengwa barabara," alisema bila kumtazama Kisindano. "Twende."

Walipofika penye vifusi, ambapo mmoja alitakiwa kunyoosha na mwingine kuvuka, Twiga alisimama. Alimkagua Kisindano kichwa kama alivyofanya mama, akakuta kipande cha pamba nyuma ya sikio. Alikishika kwa vidole viwili. Kisha akakirudisha palepale kilipokuwa.

"Hiki kiache," alisema. "Wakikuuliza unatoka wapi, waonyeshe. Na mchana nisubiri hapahapa."