Mkanda Chini ya Shati

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili alizoa samadi kwenye banda la mjomba wake, muuza maji kwa mkokoteni. Jina hilo alipewa kwa hasira zake, na halikumkosea. Asubuhi moja alijaribu kumvisha farasi mpya kamba ya kichwani kwa nguvu. Farasi akamng'ata bega.

Binamu yake alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, kesho jipake chumvi kabisa, akufaidi!"

Pilipili hakulia. Alimkazia macho yule farasi. "Utanitambua," alisema moyoni.

"Asipokubali kamba namuuza," mjomba alisema. "Na bila farasi hatuna kazi. Nani atamfundisha?"

"Mimi," Pilipili akadakia.

"Wewe? Na hilo bega?"

"Nionyeshe tu, mjomba."

"Usimfuate. Simama katikati ya zizi. Akikutazama, rudi nyuma, mpe mgongo. Farasi ni mdadisi, atakuja mwenyewe akujue."

Pilipili akafanya hivyo kila jioni, kwa uvumilivu ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake. Ila chini ya shati alificha mkanda. Alitaka farasi asogee, tena karibu kabisa, asipate pa kukwepea.

Farasi akaanza kumchungulia. Akapiga hatua, akasita. Jioni moja akaja mpaka nyuma yake, akamnusa nywele, pua yake ya moto ikatua begani.

Pilipili akageuka. Chwa! Mkanda ukamwingia farasi usoni.

Farasi hakuuma. Alikimbilia ukutani, akasimama pale akitetemeka. Binamu alikuwa anachungulia langoni. Safari hii hakucheka.

Mjomba akaingia. "Umelipiza?"

"Ndiyo."

"Umeshiba?"

Pilipili akauzungusha mkanda kiganjani.

"Haya, mwite."

Akamwita. Farasi hakugeuza hata sikio.

"Basi kesho namwita mnunuzi."

"Mjomba, usimuuze! Naanza upya."

"Lete huo mkanda kwanza."

Kazi ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Pilipili alisimama zizini mpaka mbu wakamchoka, farasi hata kumtazama hataki. Huku nyuma binamu anabeba maji ya wateja kwa ndoo, analalama: "Hasira zako, shingo yangu!"

Mwishowe farasi akasogea, akanusa kiganja kitupu. Pilipili hakumshika. Alirudi nyuma, farasi akamfuata. Akarudi tena, akafuatwa tena. Baada ya siku kadhaa aliinua kamba polepole, na farasi akainamisha kichwa mwenyewe.

Mjomba akakagua fundo.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alisema. "Farasi alikuuma kwa sababu alikuogopa. Wewe ulimpiga baada ya kukuamini. Yapi mabaya zaidi?"

"Yangu, mjomba."

"Basi ujue, mwanangu: kisasi kinachukua sekunde, kuaminiwa tena ni jasho. Haya, mtoe nje. Watu wana kiu."